Kafleti Footscray au kiwanja Chanika

Nikiwaambia watu wa nyumbani Tanzania kwamba huku Melbourne mimi na mke wangu tumenunua kafleti ka chumba kimoja kwa ajili ya kupangisha, wanacheka kwanza halafu wanauliza, na eneo lake kubwa? Hakuna eneo. Ni ghorofa ya pili, jengo la matofali la miaka ya 70, ngazi tu hamna lifti, jikoni watu wawili hamgeuki. Mjomba wangu wa Tabata kaniletea voisi ndefu kweli, anasema mwanangu kwa hela hiyo ungepata eka zako Bagamoyo na ya kujengea ikabaki, umenunua hewa. Nimemuelewa, na kuna sehemu yuko sahihi kuliko hata madalali wa huku, nitafika hapo.

Kwanza mjue Footscray ni wapi. Ni kilomita tano sita tu magharibi ya katikati ya jiji, treni haichukui muda. Zamani mtaa wa wafanyakazi wa viwandani, wakaja Wagiriki na Waitaliano, wakaja Wavietnamu, wakaja Waethiopia, leo Nicholson Street unakula injera mchana na sokoni unapata bamia na mihogo ukitaka. Wapangaji hawakosekani, kuna chuo na wafanyakazi wa hospitali. Ukiilinganisha na Dar fikiria Magomeni au Ilala, siyo Masaki.

Sasa kitu ambacho watu wa nyumbani hawakipati picha ni kwamba hela yenyewe siyo yangu, ni ya benki. Unaweka asilimia 20 ya bei, usipokuwa nayo unalipishwa bima, na hiyo bima inamlinda benki siyo wewe (wewe utalia kivyako). Inayobaki unalipa miaka 30. Na ukubwa nao una mambo, fleti ikiwa chini ya mita za mraba 40 au 50 benki nyingi zinanuna, zinataka uweke zaidi au zinakataa kabisa, kwa hiyo vile vijistudio vya bei poa mnavyoviona kwenye matangazo vina sababu ya kuwa bei poa. Halafu riba inatembea. Benki kuu ya Australia ilikuwa na riba ya asilimia 0.10 mpaka Mei 2022, ikapandisha mara 13 ikafika 4.35 Novemba 2023, na kabla ya hapo gavana wao alikuwa ameshawaambia watu haitegemewi kupanda hadi 2024. Kuna watu walikopa kwa kuamini hayo maneno, wakaja kuongeza shifti za usiku ili nyumba isiondoke. Nyumbani riba ya mkopo wa nyumba ni tarakimu mbili, ndiyo maana watu wanajenga kidogokidogo, tofali leo bati mwakani, lakini jamaa wa Chanika, pembezoni mwa Dar, aliyekwama kwenye lenta hapigiwi simu na mtu, nyumba inamsubiri tu.

Na kununua kwenyewe huku ni sinema. Jumamosi mnada unafanyika barabarani mbele ya jengo, mnadi anapiga kelele, majirani wamesimama na kahawa zao wanaangalia watu wanavyopigana bei. Nyundo ikigonga umenunua, hakuna kurudi nyuma, asilimia 10 inatoka siku hiyohiyo. Ukinunua bila mnada unapewa siku 3 za kazi za kujifikiria. Lakini kabla ya yote hayo muuzaji lazima akupe makaratasi ya nyumba, na kwa fleti yanakuja na habari za jumuiya ya wamiliki, yaani wenye fleti wote wa lile jengo kisheria ni kitu kimoja, mnachanga kwa ajili ya bima, paa, bomba, taa za ngazini. Pale unaona mchango ni kiasi gani, mfuko una hela au mtupu, kuna kesi au hakuna. Mimi nilisoma mihutasari ya vikao vyao kama nasoma barua ya posa. Majengo marefu yenye lifti, bwawa na jimu mchango unaweza kuvuka dola 4,000 za Australia kwa mwaka na bwawa lenyewe mpangaji haogelei, ndiyo maana tukachukua matofali yenye ngazi.

Halafu kuna kodi ya halmashauri, maji, asilimia ya wakala anayesimamia, na tangu 2024 jimbo letu la Victoria wameshusha kiwango cha kuanzia kodi ya ardhi kwa nyumba za kupangisha kutoka ardhi ya thamani ya dola 300,000 hadi 50,000, kwa hiyo hata sisi wenye kijisehemu cha ardhi chini ya ngazi tumo. Ukijumlisha na riba kodi ya mpangaji haitoshi, unatoa mfukoni kila mwezi. Watu wa nyumbani wanadhani kodi inaingia na mimi nakula bata, aisee.

Na hapa ndipo mjomba anapokuwa sahihi. Melbourne nyumba yenye ardhi ndiyo imepanda, fleti zimejikongoja tu miaka na miaka kwa sababu jengo linachakaa na mpya zinajengwa kila kona, ardhi haijengwi. Bibi zetu walilijua hilo bila kusoma uchumi. Mtu anayekuja huku akaambiwa fleti ndogo itamtajirisha, anadanganywa.

Lakini kwenye upangaji siwezi kuisifia nyumbani, samahani. Dar mpangaji anadaiwa miezi sita au mwaka mkononi, dalali anataka ya mwezi mmoja yake na ya kuonyeshwa juu, na mwenye nyumba akiamka vibaya anapandisha. Huku kwa nyumba kama yetu siruhusiwi kudai zaidi ya mwezi mmoja mbele, amana ya mpangaji inakaa kwenye mamlaka ya serikali siyo kwangu, kodi napandisha mara moja tu kwa miezi 12, lazima pawe na hita, gesi na umeme vikaguliwe kila miaka 2. Kama mwenye nyumba inaniuma. Kama mtu niliyewahi kupanga Sinza naona ndivyo inavyotakiwa.

Msifikiri huku majengo hayana matatizo. Sydney Opal Tower ilipasuka mkesha wa Krismasi 2018, jipya kabisa, na Juni 2019 watu wa Mascot Towers wakatolewa usiku kwenye fleti zao baada ya jengo kupata nyufa. Sisi tuna jengo la Kariakoo lililoporomoka Novemba 2024, na lile la mtaa wa Indira Gandhi, Dar, 2013 lililoua zaidi ya watu 30, sisemi tofauti ni uzungu. Tofauti niliyoiona ni kwamba huku unaweza kusoma historia ya jengo kabla hujatoa hela.

Nyumbani sheria ya kumiliki sehemu ya jengo tunayo tangu 2008, kila fleti inaweza kuwa na hati yake na wenye fleti wakawa na chama chao. Ila muulize mtu aliyenunua apatimenti mjini chama chao kinakutana lini, anakushangaa. Lifti ikifa kila mtu anamwangalia mwenzake. Na sisi wa huku tunaongeza letu, wengi wameshachukua pasi ya Australia, Tanzania hairuhusu uraia pacha, kwa hiyo kiwanja kimekuwa kikiandikwa jina la kaka, na kaka ana mke, na mke ana ndugu, mnajua wenyewe.

Mdogo wangu kanitumia picha za apatimenti Upanga, chumba kimoja, tailizi safi, jenereta. Mimi siikatai, Upanga mpangaji hakosekani. Nimemwambia amwombe dalali hati ya hiyo fleti, siyo ya kiwanja kizima, na aulize hela ya jenereta anakusanya nani na anaiandika wapi. Dalali anasema anafuatilia.