Eyam wanasherehekea tauni, sasa kosa liko wapi?

Kila mwisho wa Agosti kijiji cha Eyam kule Derbyshire, Uingereza, kinakumbuka tauni ya 1665 na 1666. Kuna Jumapili ya Tauni, visima vinapambwa, kuna kanivali na kondoo anachomwa mzima. Sasa wako watu hili linawakera kweli, wanasema ni biashara ya utalii imevalishwa joho la kanisa.

Kisa wengi mnakijua. Kitambaa kimetoka London na ugonjwa, msaidizi wa mshonaji, George Viccars, akafa Septemba 1665, na Juni 1666 wachungaji wawili, Mompesson na Stanley, wakawashawishi wanakijiji wajifungie humohumo wasipeleke ugonjwa kwa majirani.

Wanaobeza hawajakurupuka, tuwe wakweli. Mwanahistoria Patrick Wallis aliandika 2006 kwamba hii picha ya kijiji kizima cha mashujaa kwa kiasi kikubwa imejengwa baadaye na washairi na waandishi. Halafu Mompesson mwenyewe wanawe alishawatoa mapema, na wenye uwezo kadhaa walishaondoka zao, yaani waliobaki wengi ni wale ambao hata wangetaka kukimbia, wangefikia kwa nani? Hiyo ni hoja nzito.

Ila mimi inanishinda pale wanapokuja kwenye idadi. Waliokufa ni 260 hivi. Zamani ilisemwa kijiji kilikuwa na watu 350, maana yake robo tatu wamekwisha, ndo hiyo iliyosambaa. Baadae watafiti wakapekua rekodi za kodi wakaona wakazi walikuwa wengi zaidi, labda 700 hivi. Basi watu wakadaka hapo, "mnaona, walitia chumvi!" Sawa, tuchukue hiyo 700. 260 kati ya 700 ni zaidi ya theluthi. London yenyewe, ambayo kila mtu anaijua kwa tauni ile, ilipoteza takriban mtu mmoja kati ya watano. Kwa hiyo hata kwa hesabu ya wanaobeza, Eyam iliumia karibu mara mbili ya London, na hao 260 hawakupungua hata mmoja kwa sababu kigawanyio kimebadilika, majina yao yameandikwa kwenye daftari la kanisa. Elizabeth Hancock alizika mume na watoto sita ndani ya siku nane. Hapo chumvi iko wapi jamani?

Na utafiti wa chuo cha Imperial College London wa 2016 unasema kama robo tatu ya maambukizi pale yalitoka mtu kwa mtu. Unaweza kuusoma kwamba kujifungia kuliwaua wenyewe kwa wenyewe, na pengine ni kweli kwa kiasi, lakini basi ni hivyohivyo unaonyesha mpaka waliojiwekea haukuwa maigizo, maana mtu mmoja akitoka na ugonjwa anaupeleka kijiji cha pili. Tumepita korona juzi tu, tunajua karantini ya miezi inavyokaa.

Kingine ambacho hakisemwi sana ni nani anaifanya kazi yenyewe. Kupamba kisima siyo kutundika maua, ni ubao mkubwa unapakwa udongo mbichi, halafu petali zinabanwa moja moja mpaka picha itokee, watu wanakesha, na baada ya siku chache inanyauka inatupwa. Mtalii halipii kuiona. Makumbusho yao, yaliyofunguliwa 1994, yanategemea sana watu wa kujitolea. Nje ya nyumba kadhaa kuna vibao vya majina ya waliofia humo, na ndani watu wanaishi, wanapika, wanalea watoto chini ya hayo majina. Mfanyabiashara wa utalii ukimwambia aishi hivyo atakubali kweli?

Mimi ningewaomba kitu kimoja tu, ile habari ya watoto wa Mompesson na wale waliokosa pa kukimbilia isemwe kwa sauti hiyohiyo kila Jumapili ya Tauni pale Cucklet Delf, bondeni walikosalia nje wakiogopana. Mke wa Mompesson, Catherine, alibaki naye, akafa Agosti 1666. Yote mawili ni ya nyumba moja na sioni kwa nini moja lifichwe ili lingine liheshimiwe.