Tujue Nani Anawalipa Wanaotuandikia Sera

Wengi wetu Wakenya tulioko Uingereza tunaamini kwamba ripoti ikitoka London imeandikwa na mtu asiye na deni kwa yeyote, na ikitoka Nairobi lazima kuna mfadhili aliyelipia kila sentensi. Imani hii nimeisikia misikitini, kwenye harusi, hata kwenye mikutano ya chama chetu cha watu wa Pwani. Naipinga, na mfano wangu ni taasisi ambayo mawazo yake yaligusa maisha yangu kabla sijajua jina lake: Institute of Economic Affairs, IEA, taasisi ya uchumi na sera iliyoko Westminster, London.

Ilianzishwa mwaka 1955 na Antony Fisher, yule aliyepata utajiri wake kwa ufugaji wa kuku wa nyama. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Fisher alikuwa amemwendea mwanauchumi Friedrich Hayek akiwa na nia ya kuingia siasa. Hayek akamshauri aachane na siasa, ashughulike na fikra za walimu, waandishi na wanahabari, kwani wanasiasa hufuata upepo unaovuma. Fisher akasikiliza. Ralph Harris na Arthur Seldon wakaijenga taasisi hiyo mwaka baada ya mwaka kwa vijitabu vyenye msimamo mmoja: soko liachiwe huru, kodi ziwe ndogo, serikali ipunguze mkono wake. Margaret Thatcher alipochukua madaraka mwaka 1979, mawazo yaliyokuwa yakipuuzwa yakawa sera.

Nitawapa haki yao kwanza. Mwaka huohuo wa 1979 Uingereza ilifuta udhibiti wa fedha za kigeni, na Kenya ikafuata katikati ya miaka ya 1990. Mjomba wangu alikuwa baharia. Zamani hizo alikuwa akirudi Mombasa na dola amezishonea ndani ya pindo la suruali, maana kukutwa na fedha za kigeni bila kibali kulikuwa kosa la jinai. Leo mimi natuma pauni nikiwa nimekaa kwenye basi, na kabla sijateremka dada yangu wa Kisauni ameshapokea shilingi kwenye simu. Anayesema soko huria halijatufaidi chochote hajawahi kuomba ruhusa ya Benki Kuu ili atumie jasho lake mwenyewe.

Lakini mawazo ya aina hiyohiyo yalitufikia pia kupitia Benki ya Dunia na IMF, na mwisho wa mwaka 1989 wagonjwa wakaanza kutozwa ada katika hospitali za serikali ya Kenya. Mama zetu wanakumbuka. Mtoto alikaa na homa nyumbani siku mbili, tatu, kwa kuwa hela ya kadi haikuwepo.

Sasa njoo mwaka 2022. Tarehe 23 Septemba, Waziri wa Fedha Kwasi Kwarteng alisoma ile bajeti ndogo ya serikali ya Liz Truss, iliyopunguza kodi kwa takriban pauni bilioni 45 bila kueleza pengo lingezibwa na nini. Ofisi huru ya kukadiria bajeti haikupewa nafasi ya kuchapisha makadirio yake. Truss alikuwa mtu wa karibu na IEA kwa miaka mingi, na Mark Littlewood, mkurugenzi mkuu wa taasisi hiyo wakati huo, aliisifu bajeti hiyo waziwazi. Jumatatu iliyofuata pauni iliporomoka hadi kiwango cha chini kabisa katika historia yake dhidi ya dola. Siku mbili baadaye Benki ya Uingereza, benki kuu ya nchi, ikalazimika kuingia sokoni kununua hati za serikali ili mifuko ya pensheni isianguke. Tarehe 20 Oktoba Truss akatangaza kujiuzulu.

Mimi nafanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee, na wiki ile niliiona kutoka chini. Mkataba wa riba isiyobadilika wa mkopo wangu wa nyumba ulikuwa ukingoni. Benki ilikuwa imeniahidi mkopo mpya kwa riba ya asilimia 4 na kitu. Ahadi hiyo ikaondolewa, na iliyokuja baada yake ilikuwa zaidi ya asilimia 6. Nikaongeza zamu za usiku. Na kwa kuwa pauni yenyewe ilikuwa imeshuka, karo niliyozoea kutuma ilifika Kisauni ikiwa pungufu, dada yangu akanipigia kuuliza kama nimekosea tarakimu. Wazee ninaowahudumia walikuwa wakiniuliza kama pensheni zao ziko salama. Sikuwa na jibu la kuwapa.

Mtu ana haki ya kuamini kodi ndogo, na pengine siku moja atathibitika kuwa sahihi. Kinachoniuma ni kwamba taasisi yenye sauti nzito kiasi hicho haitoi orodha ya wanaoichangia. IEA husema kila mchangiaji ana haki ya faragha, na kwamba pesa haziamui kinachoandikwa. Wakati huohuo imesajiliwa kama shirika la hisani, la elimu. Hapa, mlipa kodi akilipa shirika la hisani pauni moja, shirika linaweza kudai peni 25 zaidi kutoka hazina ya serikali. Hazina hiyo inajazwa na mimi pia, kila mwezi, kabla mshahara haujanifikia. Basi nachangia, ila sina haki ya kujua nachangia pamoja na nani.

Mambo machache yametoka nje hata hivyo. Inajulikana kwamba kampuni ya sigara ya British American Tobacco ni miongoni mwa waliowahi kuichangia, na inajulikana kwamba IEA ilipinga sheria ya kuuza sigara katika pakiti zisizo na nembo. Mwaka 2018 waandishi wa Greenpeace, shirika la kutetea mazingira, walimrekodi Littlewood kwa siri akizungumza na mtu aliyejifanya mfadhili, na mazungumzo yakagusa jinsi ya kukutana na mawaziri. Taasisi ilikana kufanya kosa lolote. Mwaka huohuo Tume ya Mashirika ya Hisani iliingilia kati kuhusu ripoti ya IEA ya Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, na ripoti hiyo ikaondolewa mtandaoni.

Mkenya hawezi kusoma habari hizo akatulia. Kampuni hiyohiyo ina kiwanda Nairobi, na tawi lake la Kenya lilipigana mahakamani dhidi ya kanuni zetu za kudhibiti tumbaku hadi Mahakama ya Juu, likashindwa Novemba 2019. Kule kwetu ilibidi isimame kortini kwa jina lake, mchana kweupe, ijibu maswali ya majaji. Huku hoja inayoipendeza inaweza kusemwa redioni na mtu anayetambulishwa kama mtaalamu wa uchumi, na msikilizaji asijue lolote.

Nimewahi kupita Lord North Street, mtaa wa IEA. Ni mwembamba, nyumba za matofali za zamani, na kutani bado kuna maandishi yaliyofifia ya wakati wa vita yakielekeza watu kwenye mahandaki yaliyo chini ya njia ya waenda kwa miguu. Bunge liko hatua chache tu kutoka hapo. Ukaribu huo si wa ramani peke yake.

Kwetu je? Nairobi nayo ina Institute of Economic Affairs, taasisi nyingine kabisa, ya Wakenya, iliyoanza miaka ya 1990 na inayojulikana kwa kuchambua bajeti. Yupo pia Mkenya mwenzetu James Shikwati, aliyeanzisha taasisi ya Inter Region Economic Network mwaka 2001, ambaye mwaka 2005 aliliambia jarida la Der Spiegel la Ujerumani kwamba misaada inaiumiza Afrika na ikome. Barazani kwetu wachache walipima hoja yake. Wengi waliuliza katumwa na nani.

Swali hilo ni halali, lakini limegeuzwa rungu. Julai 2024, baada ya vijana wa Kenya kuuangusha Mswada wa Fedha, ule wa kuongeza kodi, Rais Ruto aliishutumu Ford Foundation, wakfu wa Marekani, hadharani kwa kufadhili vurugu, na wakfu huo ukakanusha. Vijana wale waliusoma mswada kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa Kiswahili na lugha za nyumbani, wakaeleza VAT ya asilimia 16 kwenye mkate kwa namna ambayo nyanya yangu aliielewa. Sijawahi kuona Uingereza umma ukiichambua bajeti hivyo. Ila Waingereza walipoipinga ya Truss, hakuna aliyepigwa risasi. Kwetu makumi waliuawa, na siwezi kuandika ulinganisho wowote nikalipita hilo.

Udhaifu wetu mkubwa nauona mahali pengine. Ripoti nyingi za taasisi zetu zina nembo za wafadhili wa Ulaya na Marekani kwenye jalada, na heri ziwepo, angalau tunawajua. Mbona nembo ya Wakenya haipo? Sisi tunachanga usiku mmoja na kusafirisha maiti kutoka Manchester hadi Malindi. Tunalipa bili za hospitali za watu tusiowajua. Lakini kumlipa kijana msomi wa uchumi akae miezi 3 achambue fedha za kaunti ya Mombasa, hatujawahi.

Katika kikao kijacho cha chama chetu nitaleta pendekezo hilo. Tuanze na bajeti ya afya ya kaunti, ripoti iandikwe kwa Kiswahili, na ukurasa wa kwanza uwe na jina la kila aliyechanga na kiasi alichotoa, kuanzia langu. Atakayetaka jina lake lifichwe, tutamrudishia pesa zake.