Nani Anakimbia Hapa?

Mie nilipokuwa skuli, "run" ilikuwa na maana moja tu: kimbia. Mwalimu kaichora ubaoni, mtoto na kaptura yake, vumbi nyuma. Nikaikariri, nikajua nimeshamalizana nayo. Kumbe wapi, yakhe!

Nauza maji ya miwa Forodhani. Juzi kaja mgeni wa Kiingereza, kaitazama mashine yangu, kauliza: "Is it running?" Nikaishika kwa mikono miwili. Ina magurudumu ile, huwezi kujua. Kumbe anataka kujua kama inafanya kazi.

Akauliza tena: "Who runs this place?" Nikamjibu kwa adabu zangu zote: sote bwana, mvua ikianguka. Maana masika hapa ni muuza mishkaki mbele, muuza urojo nyuma, mie na mashine yangu katikati. Akanikodolea macho. Alikuwa anamuulizia mwenye biashara.

Barafu ikanishia, akasema ime-"run out". Imekimbia! Barafu imeyayuka ndooni mbele ya macho yangu, haikupiga hata hatua moja. Na pua yake nayo, kwa mafua aliyokuwa nayo, ati inakimbia. Mbona niliiona ipo pale pale usoni?

Usiku nikamlalamikia binti yangu, anasomea utalii. Akacheka. Ati watu wa kamusi kubwa ya Oxford wamelihesabia kitenzi hicho maana 645, kikaipiku "set" iliyokuwa ikitamba na maana 430. Herufi tatu, maana 645! Na bado ukisema ya jana inageuka "ran", ukisema umeshakimbia inarudi "run" ile ile, kama daladala iliyozunguka Michenzani ikarejea ilikotoka.

"Na sisi je, baba? Tunakata tiketi ya boti, tunakata kiu, tunakata tamaa, mtu anakata roho, na kisu hakuna."

Nikamwambia hayo ni mengine. Hayo yanaeleweka.

Sasa yule mgeni wangu. Alipomaliza glasi ya pili alifuta mdomo, akasema: "I must run." Nikasogea nimpishe njia. Wallahi nilitaka kumuona mtu wa umri ule anavyotimka. Akaenda zake polepole, mikono mgongoni, akasimama kumtazama paka, akanunua karanga, akasimama tena kuwaangalia vijana wanaojirusha baharini.

Aliyekimbia ni mie. Hakuwa amelipa.