Namba Changamano Ipite Katika Waya Mmoja

Maktaba nyingi za bloki (visanduku vya programu vinavyounganishwa kwa nyaya katika mchoro) za kuchakata ishara za kidijitali humwachia mtumiaji uamuzi wa namna ya kubeba namba changamano, yaani namba ya umbo a + jb, ambapo j ni kipeo cha pili cha −1: ama ipite ikiwa thamani moja katika waya mmoja, ama igawanywe katika nyaya mbili, wa sehemu halisi na wa sehemu ya kufikirika. Kwa maoni yangu, njia hiyo ya pili ingefaa kufichwa ndani ya bloki, asikofika mtumiaji wa kawaida.

Chukua kuzidisha. Kanuni yenyewe ni fupi: (a + jb)(c + jd) = (ac − bd) + j(ad + bc), yaani kuzidisha mara 4, kujumlisha mara moja na kutoa mara moja. Anayeichora kwa nyaya mbili anahitaji bloki 6, na alama za kujumlisha na kutoa zikimchanganya kidogo tu, anaweza kujikuta amezidisha kwa konjugeti (namba ileile, ila sehemu yake ya kufikirika imegeuzwa alama) bila kukusudia. Hapo ishara ambayo masafa yake yalipaswa kusogezwa juu kwa kHz 10 husogezwa chini kwa kHz 10, na programu hailalamiki hata kidogo. Kosa la namna hiyo liliwahi kunila siku mbili, nikiilaumu antena isiyo na hatia.

GNU Radio, programu huria ya kujenga redio kwa kuunganisha bloki, imelipatia jambo hili. Sampuli changamano (kipimo kimoja cha ishara) ya kawaida humo ni baiti 8, tundu lake la kuunganishia waya lina rangi ya buluu, na kuzidisha kwa konjugeti kuna bloki yake. Anayetaka kupokea FM huzidisha kila sampuli kwa konjugeti ya sampuli iliyotangulia, kisha huchukua pembe ya jibu. Mchoro unasomeka kama fomula ilivyoandikwa.

Wahandisi wa maunzi watanipinga kwa kusema kwamba wao huhitaji kuzigusa sehemu zote mbili, kwa kuwa jibu la kuzidisha huko linaweza kupatikana kwa kuzidisha mara 3 tu, kwa gharama ya kujumlisha na kutoa mara 5. Ni kweli, lakini huo ni uamuzi wa mwandishi wa bloki.

Ninachowadai waandishi hao ni maelezo kamili zaidi, hasa kwa namba kamili za biti 16. Chukua −32768 − 32768j uizidishe kwa yenyewe. Sehemu halisi inakuwa 0, ilhali ya kufikirika inakuwa 2147483648, ambayo inazidi kwa 1 tu kikomo cha biti 32 zenye alama (zinazobeba namba chanya na hasi). Bloki moja itaibana ibaki 2147483647, nyingine itaiacha igeuke kuwa −2147483648, na ya tatu itaongeza biti ya 33, huku maelezo ya zote tatu yakisema tu kwamba “huzidisha namba changamano”.