Antibiotiki wodini: nani wa kusema basi?

Mgonjwa akishalazwa, iwe hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, au Abdulla Mzee kule Mkoani, Pemba, jamaa zake huuliza kwanza: keshachomwa sindano? Asipochomwa wanaona hajatibiwa. Na madaktari nao hawachelewi: seftriaksoni asubuhi, metronidazoli ya dripu, na jentamaisini hali ikiwa si hali, zote antibiotiki, yaani dawa za kuua bakteria.

Sababu zao si za kupuuzwa. Maambukizi yakishaingia kwenye damu hayangoji maabara. Kuotesha vijidudu kwahitaji siku mbili hata tatu, na kwa muda huo mama aliyejifungua kwa upasuaji akaanza kutetemeka anaweza kuwa keshazikwa. Anayemtaka daktari angoje hajakaa zamu ya usiku. Hapo sina ugomvi.

Ila dawa hizi nazo zinadai. Utafiti wa hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, Marekani, uliochapishwa 2017, uliwafuatilia watu wazima 1,488 waliopewa antibiotiki wakiwa wamelazwa. Mmoja kati ya kila watano alipata madhara, mengi ya tumbo, figo na damu. Na pale dawa ilipotolewa bila sababu ya kitabibu, asilimia 20 ya matibabu hayo yalileta madhara vilevile. Kila siku 10 za ziada ziliongeza hatari kwa asilimia 3.

Utasema hiyo ni Baltimore, si Unguja. Sawa, lakini madhara huonekana pale yanapotafutwa. Jentamaisini huumiza figo na masikio. Pasiporudiwa vipimo, figo zitagunduliwa mkojo ukishapungua, na mzee asiyesikia vizuri akirudi nyumbani ataambiwa ni umri.

Kuna na lile la "penisilini haimkubali". Bibi kasema, nesi kaandika kwenye faili kwa wino mwekundu, basi. Hakuna aliyeuliza ilikuwa lini, alitoka vipele au alivimba mdomo na kubanwa pumzi, au alisikia kichefuchefu tu. Huko Marekani karibu asilimia 10 ya wagonjwa wameandikiwa mzio huo, yaani mwili kuikataa penisilini, na wakipimwa, zaidi ya tisa katika kumi hawana. Aliyeandikiwa bure hupewa dawa kali zaidi, yenye madhara yake. Hata hivyo nesi anayeogopa simlaumu: mzio wa kweli huua kwa dakika chache, na kumjaribu mtu kitandani bila adrenalini, sindano ya kumwokoa mwenye mzio mkali, mkononi ni kucheza na roho yake. Lakini kuuliza hakuhitaji adrenalini.

Kwa hiyo ubishi wa kuanza au kutoanza mimi nauona wa kupotezea wakati. Tatizo liko siku ya tatu. Aliyeanzisha dawa Ijumaa siye anayepita wodini Jumatatu, na huyu wa Jumatatu anaona haya kusimamisha alichoanzisha mkubwa wake. Mgonjwa akipata nafuu, "dawa imemfaa, tusiiguse". Asipopata, anaongezewa nyingine. Kwa vyovyote hakuna kinachosimama. Shirika la Afya Duniani tangu 2017 limeiweka seftriaksoni kwenye kundi la dawa za kuangaliwa kwa makini, na bado ndiyo inayokimbiliwa kwanza.

Wanaopinga watasema kusimamisha bila majibu ya maabara ni kubahatisha. Ni kweli, lakini kuendelea nako ni kubahatisha. Tofauti ni kwamba kwa kuendelea hakuna anayeulizwa. Homa ikishashuka na mtu anakula, kumhamishia kwenye vidonge au kumwandikia siku ya mwisho kunaweza kuamuliwa kwa macho na kipimajoto.

Taarifa za madhara ni za kufika kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ZFDA, lakini muuguzi mwenye wodi nzima mikononi mwake hana muda wa fomu ndefu, na hilo nalo ni la haki. Mimi ningeridhika na mstari mmoja. Mgonjwa aliyechubuka ngozi na midomo kwa septrini, antibiotiki nyingine, asiruhusiwe kurudi nyumbani na karatasi iliyoandikwa "mzio wa dawa" tu. Iandikwe ni dawa gani, ilimfanya nini na tarehe ngapi, maana septrini ile ile inamngoja kwenye duka la dawa la mtaani kwake.