Sakafu ya fuvu na mgonjwa wa Ukerewe

Rafiki yangu muuguzi amefanya kazi chumba cha upasuaji miaka mingi, na hasemi ovyo. Nilipomtajia mafunzo ya ubingwa bobezi wa upasuaji wa sakafu ya fuvu, yaani mfupa ule ambao ubongo umeukalia na ambao daktari anaweza kuufikia kwa kupitia puani, alinikatiza. "Ndugu yangu, Jumamosi usiku tunapokea vijana wa bodaboda mpaka machela zinatuishia. Leo unataka daktari aondoke mwaka mzima akajifunze kupita puani?"

Swali hilo wanaliuliza wengi hapa Mwanza kila inapotajwa fedha ya umma kwenda kwenye masomo ya ubingwa bobezi. Si swali la kijinga. Mwaka 2018 watafiti walikadiria kwamba kila mwaka watu milioni 13.8 duniani wanahitaji kupasuliwa ubongo au uti wa mgongo, na kwamba zaidi ya milioni 5 kati yao, wa nchi za kipato cha chini na cha kati, hawapati huduma hiyo. Kuziba pengo hilo kungehitaji madaktari 23,300 zaidi wa fani hiyo. Ukiitazama hesabu hiyo, unaona kwamba wanaohitajika kwanza ni watu wa zamu: wa kufungua fuvu na kutoa damu iliyoganda, wa kumhudumia mtoto mwenye kichwa kikubwa au mgongo wazi. Na daktari akiondoka, zamu yake inabaki na pengo. Akirudi akute hakuna drili ya kukatia mfupa wala hadubini nzima, ujuzi wake utachakaa, na baada ya muda atahamia Dar es Salaam au nje ya nchi. Hayo yote nayakubali.

Ila hesabu ya madaktari haisemi mgonjwa anaishi wapi, na kwangu mimi uzito wa jambo hili uko hapo.

Rufaa za Kanda ya Ziwa zinapanda kilima cha Bugando, kwenye hospitali ya rufaa ya hapa Mwanza. Kwa sensa ya 2022, mikoa sita ya Mwanza, Geita, Kagera, Mara, Simiyu na Shinyanga ina watu zaidi ya milioni 16. Wamo wanaovuka maji kutoka Ukerewe kwa kivuko, na wamo waliouza ng'ombe ili wapate nauli na pesa ya kukaa mjini. Mtu huyo akishapasuliwa na kurudi kwao, usitarajie kumwona kila mwezi. Upasuaji wake wa kwanza inabidi uwe ndio wa mwisho. Na sakafu ya fuvu haina huruma na upasuaji wa nusunusu. Inapitisha mishipa mikubwa ya damu, neva za macho, za uso, za kusikia na za kumeza. Uvimbe ukibakizwa, ukaota upya katikati ya makovu, anayeingia mara ya pili anakuta kila kitu kimenatana, na hatari ya kukata kisichokatwa inaongezeka. Mgonjwa wa mji mkubwa wa Ulaya anaweza kupewa nafasi ya pili kwa bingwa wa mtaa wa pili. Wa Ukerewe ataipata wapi?

Jirani zetu wameshatupa mfano. Hospitali moja ya watoto pale Mbale, mashariki mwa Uganda, ilikuwa ikipokea watoto wengi wenye kichwa kikubwa. Tiba iliyozoeleka ilikuwa kuweka mrija wa kutoa maji kichwani hadi tumboni. Mrija huo ukiziba, mtoto anaweza kufa kabla mama hajapata gari. Daktari Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi pale, Benjamin Warf, akatumia kamera nyembamba kuingia ndani ya ubongo, akafungua njia mpya ya maji na kuchoma tishu zinazoyatengeneza. Matokeo aliyachapisha mwaka 2005. Jaribio la watoto 100 lililofanyika hapo hapo na kuchapishwa 2017 halikukuta, baada ya miezi 12, tofauti ya maana ya ukuaji wa akili kati ya watoto wa njia hiyo na watoto wa mrija. Kwa maneno mengine, wale ambao njia hiyo iliwafaa waliepushwa na mrija, na akili zao hazikuonekana kupungukiwa. Kama watu wa Mbale wangeambiwa wasubiri mambo ya msingi yakamilike kwanza, kamera isingefika. Ilihitajika pale kwa sababu hospitali ilikuwa mbali na nyumbani.

Sasa nirudi kwa vijana wa bodaboda, maana rafiki yangu aliwataja kana kwamba wako upande wake peke yake. Kijana anayeanguka bila kofia anaweza kuvunjika sakafu hiyo hiyo ya fuvu. Majimaji ya ubongo yanaanza kumtoka puani, nyumbani wanadhani ni mafua. Mara nyingi ufa hujiziba wenyewe akilazwa na kutulia. Usipojiziba, vijidudu hupanda kupitia mlango huo na kumletea homa ya uti wa mgongo, pengine miezi kadhaa baadaye, ajali imeshasahaulika. Kuziba tundu hilo kwa kupita puani ni moja ya kazi anazofundishwa daktari anayejifunza upasuaji wa sakafu ya fuvu.

Ipo pia hesabu ambayo imenikaa kichwani. Mwaka 2006 watafiti wa Liège, Ubelgiji, walihesabu wenye uvimbe wa pituitari, tezi ndogo ya homoni inayokaa kwenye sakafu ya fuvu, uliokwisha kuwaletea madhara, wakakuta mtu 1 kati ya kila 1,064. Tukiazima kipimo hicho kwa mikoa yetu sita tunapata zaidi ya watu 15,000. Ubelgiji si Simiyu, kwa hiyo siichukui namba hiyo kama sensa. Naichukua kama onyo kwamba watu hawa wapo miongoni mwetu na hawajulikani. Theluthi mbili ya wale wa Liège walikuwa na uvimbe wa aina inayomwaga homoni ya maziwa, ambao kwa kawaida hutibiwa kwa vidonge. Wapinzani wataishika hesabu hiyo kwamba kumbe kisu hakihitajiki. Mimi naisoma tofauti: anayeijua kazi hii vizuri ndiye anayejua pia nani asipasuliwe.

Shangazi yangu alikuwa fundi cherehani Kirumba. Alianza kugonga bega kwenye fremu ya mlango, kisha akawa anawapita watu wanaomsalimia kutoka ubavuni. Wakasema ana maringo, baadaye wakasema amerogwa. Hospitali moja ikampa miwani, mwaka uliofuata ikampa nyingine. Hakuna aliyemwamini kwamba haoni, kwa sababu uzi aliutunga kwenye sindano mwenyewe. Uvimbe wa pituitari unapobana neva za macho hula kwanza uoni wa pande mbili za nje na kuacha wa katikati. Alipopelekwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara, walimtoa uvimbe kwa kupitia puani. Jicho la kulia likarudi. La kushoto lilikuwa limebanwa muda mrefu mno.

Kwa hiyo naunga mkono daktari aende, ila si kwa mkataba wowote. Wapo madaktari wa Afrika wanaokwenda nje bila kupewa leseni ya kugusa mgonjwa. Wanasimama nyuma ya mgongo wa profesa mwaka mzima na kurudi na cheti. Huko ni kutazama, na fedha ya umma isilipie kutazama. Aende mahali ambapo mkono wake utashika drili, kwanza kwenye maiti za mafunzo, kisha kwa mgonjwa akisimamiwa. Daktari wa masikio, pua na koo aende naye, kwa sababu njia ya puani ni ya watu wawili, na muuguzi wa chumba cha upasuaji awe wa tatu. Drili, hadubini na kamera viagizwe kabla tiketi ya ndege haijakatwa, na zamu yake ipate mtu kwa muda wote atakaokuwa hayupo. Hili la mwisho nalidai kwa niaba ya rafiki yangu, na hapo ana haki kabisa.

Akirudi, kabla hajamshika mgonjwa wa kwanza, apite vituo vya afya vya Sengerema, Magu na Nansio akawafundishe waganga kipimo kisichohitaji umeme. Unakaa uso kwa uso na mgonjwa, unamwambia atazame pua yako, unainua vidole viwili mbali pembeni na kumuuliza ni vingapi. Shangazi alipimwa hivyo kwa mara ya kwanza mwaka wa pili wa ugonjwa wake.