Unasihi shuleni si mawaidha ya paredi

Katika takwimu za elimu zinazotolewa kila mwaka na TAMISEMI, ofisi ya serikali ya Tanzania inayosimamia mikoa na serikali za mitaa, lipo jedwali la wanafunzi walioacha sekondari kabla ya kumaliza, likiwa limegawanywa kwa sababu: vifo, ujauzito, ugonjwa, utovu wa nidhamu, kushindwa kumudu mahitaji, na utoro. Mwaka baada ya mwaka utoro ndio unaobeba sehemu kubwa ya idadi yote, huku ujauzito, ambao ndio unaotawala mijadala bungeni na magazetini, ukifuata kwa mbali sana. Utoro ni jambo ambalo mwalimu wa darasa ameliona kwenye rejesta; haujaeleza lolote kuhusu kilichomwondoa mtoto shuleni. Ni sawa na zahanati kuandika "homa" mbele ya jina la kila mgonjwa aliyefariki.

Ndani ya safu hiyo moja amefichwa kijana wa Kidato cha Kwanza aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, ambaye sasa anakaa kutwa nzima akisikiliza masomo kwa Kiingereza bila kuelewa, hadi anachoka kuaibika. Amefichwa msichana aliyepanga geto karibu na shule kwa kuwa kwao ni mbali, na kodi ya chumba inapokosekana anatokea mtu wa kuilipa. Yumo aliyepewa bodaboda na mjomba wake ili aisaidie familia, na yumo aliyeshindwa Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili akaona ni heri abaki nyumbani kuliko kukariri darasa na wadogo zake. Yumo pia msichana mjamzito aliyeondoka mapema kabla hajagundulika. Huyu hahesabiwi kwenye safu ya ujauzito, anahesabiwa kuwa mtoro. Watoto hawa hawana tatizo moja, na dawa yao haiwezi kuwa moja, lakini barua wanayoandikiwa ni ileile: rudi na mzazi.

Hapo ndipo unapoingia mjadala wa unasihi, yaani kumsikiliza mwanafunzi na kumsaidia kutatua yanayomsumbua. Wizara ya Elimu imezitaka shule ziwe na huduma ya ushauri na unasihi kwa zaidi ya miaka ishirini sasa, na kwa kawaida mkuu wa shule hutimiza agizo hilo kwa kumteua mwalimu wa somo, mwenye vipindi vyake kamili na madaftari yake ya kusahihisha, akaongezewa jukumu la unasihi. Swali ni kama utaratibu huo unatosha, au kila sekondari inahitaji mtu ambaye kazi yake hasa ni hiyo.

Wanaosema unatosha wana hoja zinazostahili kusikilizwa. Shule nyingi za kata hazina walimu wa kutosha wa Hisabati na Fizikia, na mkuu wa shule anayeulizwa kila Januari matokeo ya Kidato cha Nne hawezi kulaumiwa akitaka nafasi ya ajira iende huko. Hoja nyingine ni nzito zaidi: mtoto mwenye njaa anayetembea kilomita nyingi anahitaji uji, bweni na barabara, na maneno hata yawe mazuri kiasi gani hayafupishi njia. Ada ilipofutwa hadi Kidato cha Nne mwaka 2016 madarasa yalijaa, jambo linaloonyesha kwamba ukiondoa kikwazo cha fedha watoto wanakuja bila kubembelezwa na mnasihi yeyote.

Nakubali kwamba fedha huwaleta watoto. Lakini elimu imekuwa bila ada kwa muda wote huo na safu ya utoro haijafutika, maana kuja shuleni na kubaki shuleni ni mambo mawili. Tena hoja ya njaa na umbali inauchukulia unasihi kama mawaidha, yale ya mwalimu kusimama paredi na kuwaambia vijana waache tamaa. Unasihi wa kweli ni kazi ya ufuatiliaji. Mnasihi huona siku ya tatu, si mwezi wa tatu, kwamba fulani hayupo. Humpigia simu mzazi, humfuata kijana nyumbani akiwa na mtendaji wa kijiji ikibidi, humsikiliza, kisha hurudi kwa mkuu wa shule na jambo mahususi la kuombwa: huyu apewe nafasi bwenini, huyu aruhusiwe kuchelewa siku za gulio, mjomba wa huyu ameafiki bodaboda iwe ya mwisho wa juma. Uji na bweni haviwezi kugawiwa kwa haki bila mtu anayejua nani anavihitaji zaidi.

Kazi hiyo inaendelea hata kwa yule ambaye kurudi darasani kumeshindikana. Njia zipo: Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, mtihani wa maarifa (QT) kwa watahiniwa wa kujitegemea, vyuo vya ufundi stadi vya VETA, na vyuo 54 vya maendeleo ya wananchi. Tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi katika shule ya kawaida. Sera ya elimu iliyohuishwa mwaka 2023 imeleta mkondo wa amali, yaani wa stadi za kazi, na Machi 2024 tahasusi za Kidato cha Tano, yaani michepuo ya masomo, zilitangazwa kuwa 65 badala ya 16. Naunga mkono upanuzi huu kwa moyo wote, ila unadai kitu kutoka kwa mtoto wa miaka kumi na sita ambaye wazazi wake hawakufika sekondari. Anajaza fomu ya uchaguzi, na uamuzi huo utamfungulia au kumfungia kozi za chuo kwa miaka mingi ijayo. Mtoto wa mjini ana shangazi wa kumuuliza. Huyu mwingine humuuliza rafiki yake wa dawati.

Kuna kikwazo ambacho pande zote mbili hukipita haraka mno, nacho ni uaminifu. Mwalimu anayechapa viboko asubuhi hawezi kuambiwa siri mchana. Kwa miaka mingi wasichana walipimwa mimba shuleni, na aliyekutwa nayo alifukuzwa. Kumbukumbu hiyo haijafutika kwa waraka mmoja wa kuwaruhusu kurudi. Kwa hiyo hata mwalimu mwema aliyepewa unasihi pamoja na zamu ya adhabu anaanza akiwa ameshindwa, na hili kwangu ndilo linaloamua mjadala.

Mradi wa kuboresha elimu ya sekondari, SEQUIP, uliopata mkopo wa dola milioni 500 za Benki ya Dunia mwaka 2020, uliweka mafunzo ya walimu wa unasihi katika mpango wake wa Shule Salama, lakini mafunzo bila muda hayatoshi. Pale ambapo ajira mpya haiwezekani, mwalimu huyo apunguziwe vipindi kwa nusu, aondolewe kabisa kwenye adhabu, na apewe chumba chenye mlango unaofungika. Haitawezekana kila mahali kwa wakati mmoja, na shule yenye mwalimu mmoja wa Hisabati isimguse huyo. Ianze na sekondari za kata ambako pengo kati ya walioandikishwa Kidato cha Kwanza na waliofanya mtihani wa Kidato cha Nne miaka mitatu baadaye ni kubwa kuliko kwingine; hesabu hiyo kila afisa elimu wa halmashauri anaweza kuipiga kwa takwimu alizonazo tayari.